Gari lililoitwa na kiwanda: kasoro ijulikanayo haiuzwi kimya kimya

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tunakusudia kuzungumzia jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona kuwa ni la gereji na wala si la ukurasa huu. Jambo lenyewe ni magari tunayoyanunua yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo, na hasa yale ambayo viwanda vilivyoyaunda vimetangaza hadharani kwamba yana kasoro inayoweza kuua, kisha vikawataka wenye magari hayo wayarudishe yakatengenezwe bila malipo. Wito wa namna hiyo hutolewa kila mwaka duniani. Swali letu ni hili: gari lililoitwa na kiwanda chake likiwa Bukoba, Muleba au kijijini Kishanda, ni nani anayeitika?

Swali hili si la matajiri peke yao. Huku kwetu Kagera, gari dogo kutoka Japani ndilo linalobeba maisha ya watu. Vitz, IST, Corolla, Probox na Noah ndizo zinazompeleka mgonjwa hospitali ya Rubya usiku wa manane, ndizo zinazomchukua bibi harusi kutoka Kamachumu, na ndizo michomoko inayokwenda na kurudi kati ya Muleba na Bukoba huku mama akiwa amempakata mtoto kiti cha mbele. Mwenye gari huenda alilipata kwa mauzo ya kahawa ya misimu kadhaa, au kwa mkopo, au kwa michango ya ndugu walioko mjini. Akilipata, humshukuru Mola wake, na ni haki yake kushukuru. Lakini shukurani ya neema ni pamoja na kuilinda, na kuwalinda wale wanaopanda ndani yake.

Kwanza tufahamu wito huo ni kitu gani. Gari linapotoka kiwandani, huwa limepimwa na kujaribiwa. Hata hivyo, kuna kasoro zisizojitokeza ila baada ya miaka mingi na baada ya magari mengi kutembea. Kiwanda kikibaini kwamba breki, usukani, pampu ya mafuta au kifaa kingine katika toleo fulani kina hitilafu ya hatari, sheria za nchi nyingi zinakilazimisha kuiarifu serikali, kumwandikia kila mwenye gari, na kubadilisha kifaa hicho kwa gharama ya kiwanda. Wito huo haumaanishi kwamba gari lote ni bovu. Ni uungwana wa mtengenezaji kukiri kilichoharibika, na ni nafasi ya mwenye gari kusalimika.

Mfano mkubwa kuliko yote katika historia ya magari ni ule wa mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Mfuko wa hewa, ambao mafundi wetu huuita eabegi, hukunjwa ndani ya usukani na ndani ya dashibodi mbele ya abiria. Gari likigonga, kijimtungi cha chuma chenye kemikali hufyatuka, mfuko hujaa hewa kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kichwa cha dereva hutua juu ya mfuko badala ya kupiga usukani. Ndivyo ilivyokusudiwa. Takata ilitumia nitrati ya amonia, kemikali ambayo hutumika pia katika mbolea, na katika mitungi mingi haikuweka kitu cha kunyonya unyevu. Joto na unyevunyevu vikibadilikabadilika kwa miaka mingi, kemikali hiyo huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kipimo, mtungi wenyewe hupasuka, na vipande vya chuma huruka kuelekea usoni na shingoni mwa mtu ambaye mfuko huo uliwekwa kumlinda.

Kampuni ya Honda ilianza na wito mdogo wa magari takriban 4,000 mwezi Novemba 2008. Wito ukapanuka mwaka hadi mwaka, ukaingia Toyota, Nissan, Mazda, Subaru na nyinginezo hadi kufikia watengenezaji 19, na mitungi iliyoitwa duniani ikakaribia milioni 100. Nchini Marekani peke yake watu zaidi ya 25 wamethibitishwa kufa kwa kasoro hiyo na mamia wamejeruhiwa. Mwaka 2014 nchini Malaysia, nchi ya joto na mvua kama zetu, mwanamke mjamzito aliuawa na kipande cha chuma kilichotoka kwenye mfuko wa hewa. Miongoni mwa waliokufa wako waliopata ajali ndogo tu, ajali ambayo mtu angetoka akitembea kwa miguu yake.

Sasa tuangalie jinsi hayo yanavyotuhusu sisi. Mwezi Mei 2015 Toyota iliita magari karibu milioni 5 ya aina 35, yakiwemo Corolla na Vitz, yaliyoundwa kati ya Machi 2003 na Novemba 2007. Msomaji na atazame barabarani. Magari ya miaka hiyo ndiyo yanayotuzunguka hadi leo. Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoingia nchini humo, na Uganda ilipitisha ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania imechagua njia ya kutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu badala ya kuyakataza, na kwa njia hiyo watu wengi wa kipato cha kawaida wamemiliki gari. Hilo lina kheri yake. Lakini maana yake ni kwamba gari lenye umri wa miaka ishirini kwetu ni gari la kazi ya kila siku, na kasoro ya Takata huzidi kadiri gari linavyozeeka.

Wapo watakaosema kwamba Bukoba si mji wa joto kali. Ni kweli, ziwa linatupoza. Lakini unyevunyevu tunao karibu mwaka mzima, na mvua zetu ni miongoni mwa nyingi kabisa nchini. Fauka ya hayo, gari huku aghalabu halifiki moja kwa moja kutoka melini. Huwa limeshinda juani miaka kadhaa Dar es Salaam au Mwanza kabla ya mwenyewe kuliuza na kulileta kwetu. Kifaa hakisahau joto lililokipata huko kilikotoka.

Mushkili wenyewe uko katika barua. Kiwanda kinapotoa wito, barua hupelekwa kwa mtu aliyeandikishwa kuwa mwenye gari. Gari likifutwa katika daftari la Japani ili liuzwe nje, kamba hiyo hukatika. Barua inakwenda Nagoya au Osaka, na gari liko Kamachumu. Tena kuna jambo la kuzingatiwa zaidi. Tangu Mei 2018, Wizara ya Ardhi, Miundombinu na Uchukuzi ya Japani imeyazuia magari yenye mifuko ya hatari zaidi, ambayo hayajatengenezwa, yasipite ukaguzi wa lazima wa kutembea barabarani. Gari linalouzwa nje halihitaji kupita ukaguzi huo. Kwa hiyo gari ambalo mwenyewe wa kwanza amekatazwa kuliendesha kwao laweza kupanda meli, likavuka bahari, na likaja kubeba watoto wa mtu mwingine.

Hapa ndipo elimu ya dini yetu inapoingia, kwa sababu mlango wa biashara ni katika milango iliyofafanuliwa mno na wanavyuoni. Sote tunaijua habari ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka na vidole vyake vikakuta unyevu chini. Mwenye nafaka akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakuikataa hoja ya mvua. Alichokikataa ni kule kuyaficha majimaji chini na kuuonyesha ukavu juu, na akatangaza kwamba mwenye kudanganya namna hiyo hayumo katika kundi lake. Basi ikiwa hukumu ni hiyo kwa nafaka iliyorowa, ambayo mnunuzi angeweza kuianika ikakauka, sembuse kwa chuma kinachoweza kukata shingo ya mtu?

Wauzaji wengi wanayo kinga moja wanayoitegemea. Husema: "Mimi nauza gari kama lilivyo. Akishalikagua na kulichukua, mimi simo tena." Na mara nyingi huandikiana hivyo mbele ya shahidi. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi jambo hili halikuachwa wazi. Imam Nawawi amelieleza katika Minhaj: muuzaji akishurutisha kwamba hahusiki na kasoro, sharti hilo humwokoa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua, na si katika nyingine. Sababu yake ni nyepesi kufahamika. Mnyama ana uhai, maradhi yake hujificha ndani ya mwili, na hata mchungaji mwema huweza asiyajue. Gari halina udhuru huo. Kasoro yake imeandikwa kwa namba, na kiwanda kimekwisha kuitangaza. Aliyeijua akanyamaza, karatasi ya "kama lilivyo" haimuokoi mbele ya Mola wake, na mnunuzi anabaki na hiari yake ya kulirudisha gari kwa kasoro iliyokuwemo kabla ya mauziano.

Wala dhima haimkomei muuzaji. Wanavyuoni wamesema kwamba hata mtu wa kando, asiyekuwa muuzaji wala mnunuzi, akiijua kasoro ni wajibu juu yake kumwambia anayetaka kununua. Basi dalali aliyeambiwa na akameza neno ana sehemu yake. Fundi aliyefungua dashibodi akaona, kisha akalipwa ili anyamaze, ana sehemu yake. Na fundi anayechomoa balbu ya taa ya eabegi ili isiwake mbele ya mnunuzi, huyo amefanya kitendo kile kile cha kuweka nafaka kavu juu ya iliyorowa.

Isidhaniwe kwamba uficho ni maradhi ya madalali wa kwetu tu. Makampuni makubwa yameanguka katika shimo hilo hilo. Mwezi Januari 2017 Takata ilikubali kukiri kosa mbele ya sheria ya Marekani kwa kupotosha taarifa za majaribio ya mitungi yake, ikatakiwa kulipa dola bilioni 1, na Juni ya mwaka huo huo ikaomba ulinzi wa muflisi. Mwaka 2014 Toyota nayo ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 nchini Marekani kwa kuupotosha umma kuhusu magari yaliyokuwa yakiongeza mwendo yenyewe. Fedha hizo zote hazikumrudisha aliyekwisha kuzikwa. Lau ukweli ungesemwa mapema, kifaa kingebadilishwa kwa bei ndogo na roho zingesalimika.

Tuziangalie hoja zinazotolewa na watu wetu wanapoambiwa habari hizi. Wa kwanza husema: "Ajali ni kadari ya Mungu." Naam, kila jambo ni kwa kadari. Lakini bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga kwa madai ya kutegemea, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza amfunge kwanza ndipo ategemee. Na Qur'ani, katika Sura ya pili, aya ya 195, imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Mwenye kujua kwamba kifaa kimeitwa, akaacha kuuliza, hajategemea. Amepuuza.

Wa pili husema: "Gari hili limenitembeza miaka kumi halijanipa tatizo." Hoja hii ingefaa kwa injini, kwani injini hufanya kazi kila siku na ubovu wake huusikia. Mfuko wa hewa hulala. Haufanyi kazi hata mara moja mpaka siku ya kugonga, na siku hiyo hakuna majaribio ya pili. Miaka kumi ya salama haikuambii chochote kuhusu hali ya mtungi ule. Inakuambia tu kwamba hujagonga, nawe mshukuru Mungu kwa hilo.

Wa tatu husema: "Basi nitamwita fundi wa mtaani aung'oe." Hapa pana hatari mbili. Mtungi ule ni kitu cha kulipuka, na fundi asiyesomea huweza kuufyatua mikononi mwake. Na akifaulu kuutoa, gari limebaki bila kinga yake, na aliyeketi nyuma ya usukani atakutana na chuma. Hali kadhalika tusinunue mfuko uliotolewa katika gari bovu la namna ile ile, kwa maana huenda tukatoa mgonjwa tukaingiza maiti.

Wa nne ni kijana wetu mwenye kupenda magari ya mbio. Huyu hununua Subaru Impreza au Mazda RX-8 kwa jasho lake, na magari hayo mawili yana matoleo yaliyomo katika wito wa Takata. Hubadilisha ringi, huweka ekzosi yenye mngurumo, hufunga spika za muziki na kupaka rangi mpya. Fedha nyingi huenda katika kinachoonekana na kusikika. Tukimuuliza namba ya chesisi yake imeitwa au haikuitwa, hutushangaa. Wazazi, nanyi mnayo haki ya kuuliza. Kama mnavyouliza kijana anatoka na nani na anarudi saa ngapi, ulizeni pia hali ya chombo anachokiendesha.

Sasa kipi kifanywe? Tuanze na lililo jepesi, ambalo halina gharama ila dakika chache. Kila gari lina namba ya chesisi. Imo katika kadi ya gari, imo katika cheti cha kuuza gari nje kilichotoka Japani, na imegongwa katika bati la gari lenyewe. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayatumii namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 kama ya Marekani. Yana namba fupi inayoanza na jina la umbo la gari. Kwa mfano IST nyingi za awali huanza na NCP60 au NCP61. Kwa sababu hiyo, kuitafuta katika orodha ya Marekani hakutakupa jibu, na mtu huweza kudhani gari lake ni salama kumbe ameuliza mlango usio wake. Itafutwe katika kurasa za kampuni yenyewe za Japani, ambako Toyota, Nissan, Honda, Mazda na Subaru zimeweka mahali pa kuingizia namba hiyo. Lugha ni ya Kijapani, lakini simu za siku hizi zinatafsiri, na vijana wetu wa sekondari wataifanya kazi hiyo kwa dakika tano.

La pili ni kwa anayekusudia kununua. Wakati bora wa kutengeneza gari lililoitwa ni kabla halijapanda meli, kwa kuwa huko Japani kazi hiyo hufanywa bure, yeyote awaye mwenye gari. Kwa hiyo kabla ya kutuma fedha, mwombe wakala akutumie namba ya chesisi, itafute, na ukiona kuna wito uliosalia, liwe sharti la mauziano kwamba kazi ifanywe kwanza na uthibitisho uletwe. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Anayekasirika kwa kuulizwa kasoro amekwisha kukupa jibu.

La tatu ni kwa aliye na gari tayari na akakuta limeitwa. Awasiliane na wakala rasmi wa kampuni hiyo nchini, aipeleke namba kwa maandishi, na atake jibu kwa maandishi. Huenda akaambiwa kwamba wakala hakuliuza gari hilo na kifaa hakipo. Asirudi nyuma kwa jibu la kwanza. Wenye magari ya aina moja katika mji mmoja wakijikusanya, sauti yao husikika kuliko ya mtu mmoja, na ni rahisi kwa wakala kuleta fundi mmoja Bukoba kuliko magari thelathini kusafiri zaidi ya kilometa 1,300 hadi Dar es Salaam. Nchini Marekani yako makampuni yaliyotuma mafundi hadi majumbani mwa watu kwa ajili ya kazi hii. Misikiti yetu, madrasa zetu na shule zetu zenye magari zingeweza kuwa za kwanza kuorodhesha namba zao.

La nne ni hadhari ya wakati wa kungoja. Kama mfuko ulioitwa ni wa upande wa abiria, mtu asikae kiti hicho. Kampuni zenyewe, vifaa vilipokuwa haba, ziliwahi kuuzima mfuko wa abiria na kubandika onyo kwamba kiti cha mbele kisikaliwe. Kama ni wa dereva, gari lisitumike ila kwa dharura isiyo na budi. Katika baadhi ya Honda za 2001 hadi 2003, majaribio ya Marekani yalionyesha kwamba mtungi huweza kupasuka mara moja katika kila ajali mbili za kuufyatua, na wenye magari hayo waliambiwa wasiyaendeshe kabisa hadi yatengenezwe. Mkanda ufungwe wakati wote, na mtoto asipakatwe mbele hata katika gari zima.

Baada ya raia, zamu ni ya walioshika mamlaka. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) ndilo lenye kazi ya kuhakikisha kwamba gari lililotumika linafaa kabla ya kuingia barabarani. Tunaliomba lihakikishe kuwa hakuna gari linalopewa cheti likiwa na wito wa usalama uliosalia. Hilo halihitaji mtambo mpya, linahitaji namba ya chesisi na orodha. Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji, iwe mlango wa mwananchi aliyekataliwa na wakala. Na askari wa usalama barabarani, ambao kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama hukagua magari na kuyapa stika, waliongeze swali hili katika karatasi yao.

Atakayesema kwamba nchi inayonunua magari yaliyotumika haina nguvu ya kudai, na aitazame New Zealand. Nayo hununua kwa wingi magari yaliyotumika kutoka Japani. Mwezi Aprili 2018 serikali yake ilitangaza wito wa lazima kwa magari zaidi ya 50,000 yenye mifuko ya Takata ya aina ya hatari zaidi, ikawapa wahusika hadi mwisho wa mwaka 2019 kuibadilisha. Australia ilikuwa imetoa amri yake Februari ya mwaka huo huo. Nchi hizo hazikukubali kwamba uhai wa mtu hupungua thamani kwa kuwa gari lake lilinunuliwa mnadani. Na kwa hakika dhima ya mtengenezaji hufuatana na kitu alichokitengeneza. Mpaka wa nchi hauigeuzi kasoro kuwa salama.

Sisi watu wa Kagera tunajua uchungu wa chombo cha safari kinapowasaliti waliomo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Zipo nyumba ambazo hadi leo zinaihesabu miaka kwa tarehe hiyo. Baada ya msiba kila mtu aliuliza ni nani aliyejua na kwa nini hakusema. Swali hilo huwa zuri zaidi likiulizwa kabla.

Basi, ndugu yangu mwenye kuuza, sema unachokijua, hata ikipungua bei. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika mauziano yao, na wakificha baraka hufutwa. Ndugu yangu mwenye kununua, uliza kabla ya kulipa. Na wewe uliye na gari uani kwako leo, ukitoka katika sala ya Ijumaa chukua kadi yake, mpe mwanao simu, aitafute namba ile. Ikiwa haikuitwa, utaendesha kwa moyo mtulivu. Ikiwa imeitwa, umekwisha kuujua ukweli, na kuanzia saa hiyo kila utakayempakia ni amana uliyoibeba huku ukijua.

Mwenyezi Mungu atulinde sisi na watoto wetu safarini na majumbani, na atujaalie kuwa wakweli katika mauziano yetu. Wabillahi tawfiq.